Winchi Bila Mti

Shemeji yangu alinunua winchi kabla ya kununua tairi. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akaisingizia barabara ya Paya. Gari lenyewe lina umri wa kuwa na kitambulisho na mke, lakini usoni lilifungwa winchi mpya yenye waya unaometa. Juu likapangiwa taa ambazo zikiwashwa usiku majogoo wa kijiji kizima hudhani kumekucha, ubavuni likaning'inizwa koleo, shoka na madebe ya mafuta, na kando ya kioo likapandishwa bomba la hewa ili injini iendelee kupumua hata gari likizama mtoni. Tairi zilikuwa vipara. Nilipomuuliza, alijibu kwamba tairi hazionekani vizuri kwenye picha.

Kutoka Busia hadi Tororo kuna lami, na teksi za abiria hukufikisha kabla hujamaliza kugombana na konda juu ya chenji. Hilo halikumpendeza. "Lami ni ya watu wa harusi," alisema. Mpango wake ulikuwa tuvuke mpaka wa Kenya na Uganda hapo Busia, tuiache barabara kuu, tupenye njia za murram na za ng'ombe za Paya, tutokee Nagongera, kisha turudi kupitia Tororo mjini tukipigwa picha chini ya mwamba mkubwa wa mji huo. Tulikuwa yeye, mimi, mjomba wangu aliyestaafu udereva wa malori ya Mombasa hadi Kampala, na mpwa mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kushika simu na kusema "moto" kila tulipopita dimbwi.

Mpakani hatukusumbuka. Tangu 2018 Busia ina kituo kimoja cha pamoja, kwa hiyo makaratasi ya nchi mbili humalizwa chini ya paa moja. Gari lilipata kibali chake cha muda, bima ikawa ile Kadi ya Njano ya COMESA. Afisa alilizunguka gari polepole, akaitazama winchi, akayatazama madebe, akauliza tunakwenda wapi.

"Paya."

"Paya kuna nini?"

"Njia," alijibu shemeji.

Afisa aligonga muhuri na kututakia heri kwa sauti ambayo mjomba alisema aliisikia mara ya mwisho hospitalini.

Nieleze kidogo kuhusu anga. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliwahi kuitaja Tororo kuwa mahali penye ngurumo nyingi kuliko kwingine duniani: siku 251 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka ya 1967 hadi 1976. Mtu mwenye akili akisoma hivyo hutafuta zile siku 114 zilizobaki. Sisi tulifuata siku ambayo shemeji alipewa likizo.

Paya ni gombolola la wilaya ya Tororo, katika nchi ya Jopadhola, Waluo waliobaki upande wa Uganda wakati wenzao waliposhuka kuelekea Nyanza. Shemeji ni Mluo wa Siaya, na tangu asubuhi alikuwa ametuhakikishia kwamba lugha haitakuwa shida. Aliposalimia watu, walimwelewa nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyowachekesha. Baada ya hapo shughuli zote ziliendeshwa kwa Kiswahili, ambacho watu wa mpakani hukitumia bila kuombana radhi.

Pancha ilikuwa ya kwanza, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa mwenye gari. Speatairi tulikuwa nayo, jeki tulikuwa nayo. Kumbe kila gurudumu lilikuwa na nati moja ya kuzuia wezi, isiyofunguka ila kwa funguo yake maalumu, na funguo hiyo ilikuwa imehifadhiwa mahali salama kabisa, kwenye kabati, Busia. Hata pembetatu za kuakisi mwanga, zile tunazoziita laifseva, zilikuwa chini ya mizigo yote, bado ziko ndani ya plastiki yake. Wakati shemeji anazitafuta, watoto walikwisha kukata matawi mabichi na kuyatandaza barabarani mbele na nyuma yetu, hatua kwa hatua, kwa vipimo ambavyo trafiki angevikubali. Magari yenyewe hayakuwepo. Waliotii alama hiyo walikuwa mbuzi wawili na mzee wa baiskeli.

Akatokea kijana mwenye nyundo na soketi kuukuu. Aliipachika soketi juu ya ile nati, ndogo kidogo kuliko nati yenyewe, akaigonga mpaka ikang'ang'ania, akaingiza spana, akakanyaga. Nati ikalia, ikatoka. Kazi nzima ilichukua muda mfupi kuliko shemeji alivyochukua kutueleza jinsi nati hiyo isivyoweza kuibiwa. Ningetarajia afurahi. Badala yake alimtazama kijana kwa hofu, akamuuliza kama huwa anafika Busia.

"Kila Jumamosi," kijana alisema.

Hapo nilianza kuona utaratibu wa mambo. Gari linalokwenda lina mwenyewe mmoja. Likizimika, lina kamati. Mwenyekiti ni mzee yeyote aliyewahi kumiliki trekta au kumjua aliyemiliki, katibu ni kijana wa bodaboda mwenye salio la simu, na mwenye gari ni mjumbe wa kawaida, tena asiye na kura. Usijaribu kupinga. Mjomba, aliyeijua mila hii kwa miaka ya barabarani, alishuka zamani, akatafuta kivuli, akavua viatu.

Ya pili ilikuwa mpira wa juu wa rejeta. Ulipasuka tukipanda kilima kisicho na jina, mvuke ukafunika kioo, na mpwa akasema "moto", safari hii kwa usahihi. Kamati ilitufikia kabla mvuke haujaisha. Fundi wao alikuwa mtu mkimya mwenye kanda za blada ya baiskeli mfukoni. Alikausha mpira, akauviringishia blada akiivuta kwa nguvu, tabaka juu ya tabaka, akafunga mwisho kwa waya. Kisha akafanya jambo lililomuudhi shemeji: alikilegeza kifuniko cha rejeta. Shemeji akasema kifuniko lazima kikazwe, kimeandikwa hivyo. Fundi akamweleza taratibu kwamba kikikazwa maji yatajenga nguvu na nguvu itatafuta pa kutokea, na pa kutokea tunapajua. Kikilegea maji yatachemka mapema kidogo, nasi tutaongeza kila baada ya mwendo. Niliwahi kuhudhuria semina za ofisini za kutwa nzima zilizokuwa na hoja chache kuliko hiyo.

Sasa bonde. Maji ya huku hushuka kuelekea mto Malaba, na mabondeni watu hulima mpunga. Njia ilipita kando ya mashamba hayo, na ngurumo ilikuwa imekwisha kutimiza wajibu wake. Shemeji aliona tope, uso ukamng'aa. Ndilo alilolifuata. Aliingia kwa gia kubwa na moyo mkubwa, gari likaenda mita kadhaa likirusha tope hadi kwenye zile taa, likaketi. Lilikaa kama bibi harusi, taratibu, sketi ikitanda pande zote. Magurudumu yakazunguka bure, tope likaingia mpaka kwenye feni, na ndani ya boneti kukasikika mlio mkavu. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika.

"Sawa," alisema shemeji, akishuka na buti zake mpya. "Hii ndiyo kazi ya winchi."

Winchi ni chombo kizuri sana. Ina udhaifu mmoja tu: inataka kitu cha kushikilia, na shamba la mpunga halina miti. Tulitazama mbele, nyuma, kushoto, kulia. Mpunga. Mti pekee uliofikika na waya, tena ukiutoa wote, ulikuwa mwembe uliosimama kwenye boma la mama mmoja mzee, ambaye alikuwa amekaa chini yake akitutazama tangu mwanzo.

Shemeji akaenda kuomba. Alivua kofia, akamwita mama, akaeleza kuwa waya utazungushiwa gunia ili gome lisiumie. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mwembe huu umenisomeshea watoto. Ukiung'oa, utanisomeshea wajukuu."

Wakakubaliana: gunia libaki kwake, na pesa kidogo juu. Waya ukafungwa. Shemeji akabonyeza kitufe, waya ukakaza, mwembe ukatikisika, maembe machanga yakadondoka na mama akaanza kuyahesabu kwa sauti. Gari likasogea kiasi cha unyayo. Kisha winchi ikaanza kuguna, ikapunguza sauti, ikanyamaza. Mjomba, bado yuko kivulini, ndiye aliyetoa ripoti. Winchi inakula betri. Betri inajazwa na alteneta. Alteneta inazungushwa na mkanda. Mkanda umelala kwenye tope. "Umeunganisha mnyororo mzima wa ujinga," alisema, "na kila pete ni mpya kabisa."

Wakaja ng'ombe. Kilimo cha plau na ng'ombe kiliingia mashariki mwa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, kikianzia huko Teso, na hadi leo si ajabu kumkuta mkulima mwenye jozi yake iliyofunzwa. Jozi mbili zilifungwa mbele ya gari kwa mnyororo wa plau, uliopitishwa kwenye ndoano ya winchi. Huo ulikuwa mchango pekee wa winchi siku hiyo. Mwenye ng'ombe hakupiga kelele. Alisema neno moja kwa yule wa mbele kulia, na tani mbili za chuma, taa na madebe zikatoka kwenye tope bila ubishi. Mpwa aliirekodi. Shemeji akamwomba aifute. Mpwa akasema ameshaituma.

Malipo yalikuwa na hesabu yake. Simu ya shemeji ina pesa za Kenya, ng'ombe ni wa Uganda, na mtandao ulikuwa na mawazo yake. Hatimaye kijana wa bodaboda akawa benki: alimlipa mwenye ng'ombe kwa noti za huku zenye sifuri nyingi, sisi tukamtumia za kwetu, na kiwango cha kubadilishia akakitaja mwenyewe akitazama mawingu.

Ndiye pia aliyetumwa mkanda. Na ni haki, maana biashara ya bodaboda ilizaliwa hapa hapa mpakani, miaka ya 1960 na 1970, watu wa baiskeli wakibeba abiria na mizigo kati ya kituo cha forodha cha nchi moja na cha nyingine. Alipiga picha vipande vya mkanda wetu, akaenda Busia. Akarudi na mkanda mzuri wa gari lingine. Akaenda tena.

Kungoja Paya si adhabu. Wazee walikuwa na chungu cha malwa, pombe ya kienyeji, katikati, maji ya moto yakiongezwa, mirija mirefu ikitoka pande zote, na mjomba alikwisha kupewa mrija wake zamani. Wakamkaribisha shemeji. Aliketi, matope yamekauka kwenye magoti, akaona afadhali atetee heshima yake kwa historia. Akawaambia kuhusu mbio za Safari Rally, zilizoanza 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Akawaambia jinsi mwaka 1963 walivyomaliza madereva 7 tu, na mwaka 1968, kati ya magari 93 yaliyoondoka, yakamaliza tena 7. "Tena madereva hodari wa dunia," alisema. "Matope hayana adabu kwa mtu."

Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Habari ilikuwa nzuri. Mmoja akauondoa mrija mdomoni.

"Wale walikuwa wanashindana," akasema. "Wewe ulikuwa unashindana na nani?"

Shemeji akanywa malwa kwa muda mrefu sana.

Mkanda sahihi ulifika jua likishuka. Fundi mkimya akaufunga, akaubonyeza kwa kidole gumba kupima ulegevu, akaridhika. Betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo kamati nzima ikashika nyuma ya gari, watoto wakiwa wengi kuliko nafasi ya kusukuma hivi kwamba baadhi walisukumana wao kwa wao. Gia ya pili, klachi ikaachiwa, injini ikakohoa na kukubali. Wakapiga vigelegele. Nagongera hatukuiona. Tuliifuata lami kurudi Busia pamoja na watu wa harusi, tukisimama kila baada ya mwendo kuongeza maji, shemeji akiendesha kimya na zile taa zote zimezimwa, kwa amri ya mjomba, ili kuitunza betri.

Kesho yake gari lilipelekwa kwa fundi wa Busia, mwenye ovaroli na kompyuta ya kupimia magari. Alifungua boneti, akaona ile blada. Akainama, akaigusa kwa ncha ya bisibisi. Akauliza nani aliifunga. Shemeji akasema ni mtu wa Paya.

"Washa."

Likawashwa. Wakangoja mpaka injini ikapata moto. Halikutoka hata tone.

Fundi akateremsha boneti polepole. "Hapo msiguse," akasema. "Nikifungua mimi, nitaharibu." Kisha akafuta mikono yake, ambayo haikuwa imechafuka, akadai pesa ya kuangalia.