Shangingi na Punda wa Arash

Wanaotabiri kwamba magari makubwa ya familia yanayobugia mafuta yatapoteza mvuto huenda hawajafika Arash, kata ya Wilaya ya Ngorongoro ambako barabara ya vumbi hugeuka tope masika yanapoanza. Nchini Tanzania gari la namna hiyo, hasa Toyota Land Cruiser, huitwa shangingi, neno ambalo awali lilimtaja mwanamke mzoefu wa anasa za mjini, kisha likahamia kwenye gari bila kulazimika kubadili tabia.

Mwaka 2011, Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, maarufu kama Babu wa Loliondo, alipotoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kijijini Samunge, katika wilaya hiyohiyo, mashangingi yalipanga foleni ya kilomita nyingi, kila moja likiwa limeteketeza mafuta ya thamani ya vikombe zaidi ya mia moja. Wakubwa, yaelekea, huamini tiba nafuu mradi nauli iwe ghali.

Bei kikomo, yaani bei ambayo muuzaji wa mafuta haruhusiwi kuizidi, hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mwenye shangingi la ofisi huipokea kwa utulivu wa mtu asikilizaye utabiri wa hali ya hewa ya Norway, kwa kuwa kadi ya mafuta si yake. Katika maskani za Arash, mizigo na maji bado hubebwa na punda, ambaye hula nyasi.