Namna ya Kuwa Mheshimiwa wa Tarbaj Kabla ya Kuhitimu

Kwanza, acha kujiita Mheshimiwa. Najua inauma. Umefika chuoni, iwe Garissa, Eldoret au Nairobi, umeingizwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha wanafunzi wa Tarbaj, eneo bunge letu la Wajir, na umekuta tayari kuna mwenyekiti, naibu, mlezi, msemaji, na mratibu wa wasichana ambaye ni mvulana. Cheo kilichobaki ni mwanachama wa kawaida. Kichukue haraka, maana hakina mpinzani na kina kazi tele.

Waliotutangulia Wajir hawakungoja cheo. Koo zilipokuwa zikipigana mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dekha Ibrahim Abdi na wanawake wenzake walianzia sokoni, wakihakikisha mama wa ukoo wowote anauza na kununua bila kufukuzwa. Kutoka hapo wakawaendea wazee, kisha vijana na maofisa wa serikali, hadi mwaka 1995 juhudi hizo zikawa kamati ya amani na maendeleo ya wilaya. Tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood Dekha alipewa mwaka 2007. Hesabu miaka hiyo kabla hujaagiza fulana zenye picha yako.

Likizo ikifika, panda basi urudi nyumbani, na uchague siku ya fomu za basari. Utawakuta akina mama wamekaa kivulini tangu asubuhi, kila mmoja na bahasha: nakala ya cheti cha kuzaliwa, barua ya shule, karatasi ya karo. Wengi hawasomi Kiingereza kilichoandikwa kwenye fomu. Keti chini na kalamu mbili, kwa sababu moja itakwama. Muulize mama jina la mtoto kama lilivyo kwenye cheti, si kama anavyoitwa nyumbani, maana herufi moja ikitofautiana fomu huweza kurudishwa, na mtoto akabaki nyumbani muhula mzima. Usimuulize ukoo wake. Ukimaliza, msindikize hadi kwa chifu apate muhuri. Kazi hii haina picha nzuri ya kupakia mtandaoni, lakini ukiifanya kutwa nzima utajua nani anakosa basari na kwa nini, na hapo utakuwa na jambo la kusema ofisini kwa mbunge.

Kuhusu taaluma, nitasema bila kuzunguka: angalia kinachokosekana kwenu. Mwaka 2018, baada ya mashambulizi ya kigaidi, walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka Wajir na shule zikabaki na mapengo. Kama unasoma kemia, nenda sekondari iliyo karibu, muombe mwalimu mkuu ruhusa, ufundishe hadi likizo iishe. Baada ya wiki moja utajua kama ualimu ni wako. Anayesomea uuguzi aombe mafunzo kazini kwenye zahanati ya kwao. Wa uhandisi akashinde na fundi wa jenereta kisimani, hasa kiangazi, wakati ngamia wamepanga foleni na mashine imegoma. Huko utaona kama unaipenda kazi yenyewe au jina lake tu.

Ukitaka kura baada ya hayo, gombea. Sheria ya vyuo vikuu iliyorekebishwa mwaka 2016 inataka muhula wa baraza la wanafunzi uwe mwaka mmoja, na mtu asizidishe mihula miwili. Tena mwenyekiti na naibu wake hawawezi kuwa wa jinsia moja. Dada yangu wa Tarbaj, nafasi hiyo iko kisheria, huombi hisani ya mtu. Na yule ndugu mratibu wa wasichana apumzike, amechoka.

Ukichaguliwa, siku ya kukabidhi ofisi ikifika, soma hesabu kwa sauti mbele ya wote: kilichochangwa, kilichotumika, na risiti ya kila malipo. Michango ya nauli ya mwenzenu aliyefiwa isipoonekana, usikimbilie wazee wa ukoo wakutetee. Irudishe.