Kuku Mwenye Hati Naye Hukimbia



Msidhani kuku wa Uingereza, kwa kuwa hulala kwenye mabanda ya mbao yaliyopakwa rangi na wengine huitwa kwa majina ya malkia, wamestaarabika kuliko wa kwetu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, England na Wales zinamtaka mfugaji asajili kuku wake serikalini hata kama anaye mmoja tu uani. Kuku ana hati, naam, wakati baadhi yetu huku tungali tunazihangaikia zetu. Lakini mwenye nyumba akitokea na bakuli la ngano, mwenye hati huyo anaruka uzio. Wenyeji hudhani kuku kapungukiwa na mapenzi, basi wanamwongezea: wanamfukuza bustani nzima ili wamkumbatie. Mimi nashikilia kwamba hayo mapenzi ndiyo yanayomkimbiza.

Mtazameni kuku mwenyewe. Macho yako kando ya kichwa, anaona karibu pande zote bila kugeuka, na kinachomshukia kutoka juu kwake ni mwewe mpaka kithibitike vingine. Watafiti, Evans na Marler wakiwemo, walionyesha mwaka 1993 kwamba kuku wana mlio mmoja wa kutahadharisha adui wa angani na mwingine wa adui wa ardhini, na anayesikia hujua ajifiche vipi. Sasa mtu mzima anainama na kushusha mikono miwili mgongoni mwake. Mlitaka afikiri nini? Halafu kuna tetea anayetaga ambaye mkono ukimgusa mgongo huchuchumaa, akatanua mabawa kidogo, akatulia tuli. Mwenye nyumba huita majirani: jamani, ananipenda! Kumbe tetea amefanya vile afanyavyo jogoo anapomjia, na zaidi ya hapo sisemi, maana barua hii itasomwa mbele ya wakwe.

Dawa ni ile ya bibi zetu: sauti ileile, saa ileile, nafaka inamwagwa na mtu anaondoka zake. Anayetaka kuzoewa akae kwenye kigoda, atazame pembeni, awaache wamjie wenyewe. Na kama ni lazima kumshika kuku, kumkagua utitiri au kumhamisha, asubiri giza. Usiku kuku haoni vizuri. Ameshapanda kwenye fito za kulalia, hubebwa taratibu mabawa yakiwa yamebanwa, bila purukushani. Anayemkimbiza mmoja mchana amewatisha wote.

Mtaniuliza: mbona wa kwetu nao hukimbia, na bibi yupo? Hukimbia kwa sababu kwetu kukamatwa mchana kuna maana moja tu, mgeni kaja. Kuku hakukosea hesabu. Tena huyohuyo anayemtoka mbio kijana aliyetumwa kumkamata humfuata bibi mwenye mahindi hadi mlangoni. Wengine watasema ni mbegu, na wana hoja: Leghorn ni mwepesi na mwenye wasiwasi, ilhali Orpington, aliyetokana na kazi ya William Cook huko Kent mwaka 1886, ni mzito na mtulivu. Lakini hata Leghorn huzoea kuijia ndoo ya chakula. Hatapakatwa, basi, nani alisema kuku ni wa kupakatwa? Wala asiondolewe woga wote, kwani mbweha wa hapa huingia mpaka nyua za London, na kuku aliyezoea kila kiumbe ndiye wa kwanza kuliwa.

Na yule atakayeandika kunikumbusha makombo, ndiyo hongo ya bibi, ajue kwamba hapa ni kosa kisheria kumpa kuku mabaki yaliyopita jikoni, hata ganda la kiazi, isipokuwa kwenye nyumba isiyoingiza kabisa chakula chochote kitokanacho na mnyama. Mfugaji anunue ngano dukani. Ukoko wa ugali aumalize mwenyewe.