Tik-Tik-Tik Katikati ya Dua

Anayetafuta kimya Keroka mpe pole kwanza, halafu ndipo umsikilize shida yake. Barabara ya Kisii kwenda Sotik imeupasua mji wetu katikati, Kisii huku, Nyamira kule, na tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013 pande hizo mbili zimevutana sana juu ya nani akusanye ushuru wa soko. Juu ya kelele hakuna anayemvuta mwenzake. Ziko za kutosha kaunti zote mbili. Makanga anaita abiria wa Kisii kwa sauti ya kuwaamsha wa Sotik. Mhubiri wa sokoni ana spika inayowafikia hata waliokwisha kuokoka. Nyuma yangu kuna mashine ya kusaga unga, mbele yangu fundi wa kuchomelea milango. Alasiri mvua ikishuka juu ya mabati, wote hao hawasikiki tena, na mimi pia hufunga kazi.

Kazi yenyewe ni kurekodi. Studio yangu ni chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo, magodoro ukutani, blanketi mlangoni. Kwenye studio za wenye pesa mwimbaji ana chumba chake, prodyusa chake, na kioo katikati. Kwangu mwimbaji, prodyusa, kompyuta na mtoto wa mwimbaji tunagawana hewa na maiki. Kwa hiyo biti haipigwi kwa spika. Mwimbaji huisikia kwa hedifoni, pamoja na kliki, ule mlio wa tik-tik-tik unaomshika asikimbie wala asichelewe. Na kwa hiyo nina msimamo ambao wauzaji hawaupendi: hedifoni ya kurekodia siipimi kwa utamu unaoingia sikioni, naipima kwa kinachovuja nje.

Msimamo huo mwalimu mmoja wa kwaya aliukataa. Binamu yangu aliye Minnesota, ambako Wakisii ni wengi, alikuwa ameniletea hedifoni za fahari, za mgongo wazi. Aina hiyo ilianza na Sennheiser wa Ujerumani walipotoa HD 414 mwaka 1968: kifuniko cha nyuma huachwa na matundu makusudi ili hewa ipite, na muziki unasikika kana kwamba uko chumbani badala ya kuwa kichwani. Ni raha tupu kwa anayesikiliza peke yake usiku. Nilimweleza mwalimu kwamba hizo ni za kusikilizia, si za kuimbia. Akazivaa, akafumba macho, akasema zile za mgongo uliofungwa zinamkandamiza, na kwamba kwaya yake haiwezi kumwimbia Mungu kwa kubanwa. Mteja akilipa nusu taslimu, ubishi una mpaka.

Wimbo wao una mahali ambapo sauti zote hushuka, kinanda hunyamaza, na soprano mmoja anabaki akiomba dua peke yake. Maiki ya kondensa ni mbea, humnasa hata jogoo wa ploti ya pili. Jumamosi rekodi ikapigwa kanisani. Dua ilipofika, waumini wote wakasikia tik, tik, tik. Mzee mmoja akaitazama saa ya ukutani, ambayo haina betri. Dereva wa matatu aliyeketi nyuma akatoka kuhakikisha hakuacha indiketa ikiwaka. Mwalimu alikuja kwangu Jumapili asubuhi, na hakuja kulipa nusu iliyobaki.

Nikapanda gari kwenda Nairobi, barabara ya Luthuli, kutafuta hedifoni za mgongo uliofungwa kwa bei ya mtu wa Keroka.

"Hizi zimefungwa?" nikamuuliza kijana wa dukani.

"Bosi, zimefungwa kabisa! Bado ziko kwa boksi, hakuna mtu amezigusa."

Zilikuwa na maandishi ya dhahabu, STUDIO, na jina linalofanana na la kampuni kubwa ila herufi moja imetoroka. Elfu moja mia tano. Nikamwomba acheze wimbo kwa nguvu, kisha nikagandamiza vikombe viwili uso kwa uso, kama anayefunika uji usipoe, nikasikiliza nje. Kila neno la wimbo lilisikika. Nikamrudishia. Akaleta nyingine, nikazigandamiza, nikamrudishia. Mwishowe akamwita mwenzake: "Njoo uone huyu mzee. Anataka hedifoni isiyosikika."

Mwenzake aliwahi kufanya kazi studio, akanielewa. Tukaongea kitaalamu. Sony MDR-7506, iliyo sokoni tangu 1991 na ambayo utaiona kwenye vituo vingi vya redio, nilimwambia ninaijua na mfuko wangu unaijua pia. Sennheiser HD 280 Pro huzuia kelele za nje hadi desibeli 32, jambo ambalo kwa jirani wa mashine ya unga ni injili. Beyerdynamic DT 770 Pro ina matoleo ya omu 32, 80 na 250, na hapo mnunuzi wa bei nafuu awe macho: ile ya 250 inataka kifaa chenye nguvu, na ukiichomeka kwenye simu itakunong'oneza tu. Audio-Technica ATH-M20x, ya omu 47, ndiyo iliyokaribiana na uwezo wangu, na waya wake wa mita 3 unatosha mwimbaji kusimama mbali na feni ya kompyuta. Za Bluetooth hatukuzigusa. Kijana mmoja wa rap aliwahi kuja kwangu na zake, sauti ikawa inamfikia imechelewa, naye kila mstari akaingia baada ya biti kupita. Alinilaumu kwamba biti yangu ina haraka.

Nikarudi na hedifoni nyeusi zisizo na mbwembwe, jina lake nitalihifadhi, maana mambo yaliyofuata si ya kumsingizia mtu.

Hedifoni hufunga vizuri kichwa kitupu, na vichwa vitupu Keroka ni vichache. Akina mama wa kwaya wana vilemba na hereni. Miwani nayo huinua ukingo wa kikombe, besi ikakimbia na kliki ikapata mlango. Omong'ina mmoja, mama mzee niliyemwomba alegeze kilemba kidogo aliniuliza kama mama yangu anajua kazi ninayofanya. Halafu kuna ugonjwa wa waimbaji wote: masikio yakizibwa, sauti yako mwenyewe inavuma ndani ya fuvu na huijui tena kama iko juu au chini. Basi wanasogeza upande mmoja, sikio liwe nje, na kikombe kilichoachwa kinaitazama maiki uso kwa uso. Dawa yake ni kuuzima upande huo kwenye kompyuta, na kumwomba akilaze kikombe juu ya mfupa nyuma ya sikio. Kazi ya kwaya ikarudiwa hivyo, bure.

Siku moja akaja omogaka, mzee wa Kikisii, na obokano yake, nyuzi nane, bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mngurumo unaopita magodoro yote. Nikamvalisha hedifoni juu ya kofia, alikataa kuivua. Nikafungua kliki. Akapiga kidogo, akasimama, akasikiliza, akapiga tena, akasimama.

"Momura," akasema, "huyu anayegonga humu ndani mwambie angoje nimalize."

Nikaizima. Alipiga wimbo mzima bila kuteleza, na alipomaliza hakutaka kuzitoa. Ilikuwa Julai, na masikio yake, alisema, hayajawahi kupata joto namna hii.

Ngozi ya bandia ya vikombe ndiyo iliyoniponza baadaye. Ilianza kubanduka, na kwaya ikatoka studio moja kwa moja kwenda harusini na vumbi jeusi masikioni. Vikombe vipya vya kuagiza vilikaribia bei ya hedifoni nzima, kwa hiyo nikampelekea fundi anayeshona viti vya matatu. Akanishonea kwa ngozi ya viti, nyekundu, na sponji nene kuliko ile ya kiwandani. Zinafunga vizuri kuliko zilipokuwa mpya. Prodyusa mwingine wa mjini aliziona, akaniuliza ni toleo gani na Nairobi zinauzwa duka gani. Nikampeleka kwa fundi, akakuta oda imeanza kukatwa ya viti kumi na vinne, akaambiwa apange foleni na aseme mapema kama anataka jina la timu ya Shabana lishonwe pembeni.