Jinsi ya Kupanda Mabasi Kutwa Bila Kuwa na Safari

Unapenda mabasi. Vizuri, hapa uko kwenu. Ila ukifika stendi ya Same, mkoani Kilimanjaro, usimwambie mtu. Pale watu wanakwenda msibani, sokoni, hospitali, kumpeleka mtoto shule. Ukisema umekuja kupanda tu, na kwamba ukifika mwisho utageuza na gari lile lile, konda atakutazama mara mbili na mama wa siti ya jirani ataukumbatia mkoba wake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuandaa uongo, na uongo bora kuliko wote ni kifurushi.

Chukua boksi la wastani. Lijaze magazeti, lifunge kwa kamba, kisha andika juu kwa kalamu nene jina la mahali: MAMBA, au BOMBO, au GONJA. Umemaliza. Mwenye boksi ana safari, ana ndugu anayemsubiri, na ana haki ya kukaa mbele: "Kuna glasi humu, kaka, siwezi kulipandisha kwenye keria." Usitie kitu kizito. Utakuwa nalo mpaka jioni.

Hatua ya pili ni ratiba, na hapa ndipo wageni wanapoumbuka. Mabasi mengi ya Upare Kusini hayalali Same. Yanalala huko juu, yanashuka alfajiri na watu wenye shughuli zao mjini, yanakaa stendi yakipakia, kisha mchana yanaanza kupanda. Anayeamka Same asubuhi akitaka kwenda mlimani na kurudi kabla ya giza amepishana nayo. Njia ya mkato ni kuianza siku yako jana. Panda na basi mchana, omba pa kulala, uamke kungali giza ushuke nalo. Basi moja umelipata mara mbili, likihangaika kupanda na likijizuia kushuka, na utakanyaga Same siku ikiwa bado mbichi.

Huna pa kulala juu? Nenda Mwanga, kama kilomita 50 upande wa Moshi, upande gari za Usangi. Za huko zinakwenda na kurudi kutwa, na kona zipo za kukutosha. Au pita upande wa nyuma ya milima, njia ya Kisiwani kwenda Ndungu na Kihurio: kulia kwako milima imesimama, kushoto Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Njia hiyo ina vumbi. Vaa nguo ya rangi ya vumbi, utafika nadhifu.

Sasa tuzungumze kuhusu mabasi ya zamani, maana ndiyo yaliyokuleta. Usitafute makumbusho. Panda mlima. Watu husema milima inapewa makombo ya barabara kuu, wanakosea. Barabara yenyewe ndiyo inayochagua. Basi jipya la masafa marefu mara nyingi lina urefu wa kama mita 12, injini iko nyuma ya matairi ya nyuma, na linaelea juu ya mito ya upepo. Kwenye lami ni raha tupu. Lipeleke kwenye kona za kuelekea Mbaga, mkia wake utaparuza ukingo, na tumbo litakaa juu ya jiwe. Gari kongwe lililojengewa bodi ya basi juu ya chesisi ya lori limenyanyuka, ni fupi, lina springi za vyuma, na injini iko mbele pale dereva anapoisikia. Kikivunjika kitu, fundi wa kulehemu anatosha. Milima ambayo kilele chake, Shengena, kinapita mita 2,400 haijali gari lina siti za ngozi au la.

Ndani ya gari hilo, kaa kushoto mbele. Dereva wetu yuko kulia, kwa hiyo kushoto ndiko kwenye kioo kisicho na usukani. Kuna joto la injini miguuni. Vumilia, ndilo ulilolilipia nauli. Wakati wa kupanda tazama mkono wa gia. Wakati wa kushuka funga macho usikilize, kwa sababu kushuka ndiko kunakompima dereva. Aliye hodari haishi juu ya pedeli ya breki. Ameingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, na injini inanguruma ikilizuia gari, mguu ukigusa breki pale tu penye kona. Breki ikishikiliwa muda mrefu inapata moto na moto unaila nguvu yake. Harufu ya breki iliyoungua ikiingia dirishani, shuka kituo kinachofuata na boksi lako, useme umefika.

Utataka pia uonekane mjuzi. Huna haja ya kusoma miaka kumi. Angalia kibao cha namba: T, tarakimu tatu, herufi tatu. Herufi ya kwanza kati ya zile tatu ndiyo siri yote. A ni za mwanzo, kisha B, C, D, na E za juzi. Sogea karibu na kundi la vijana, tazama kibao kwa mbali, tamka kwa sauti ya mtu aliyechoka kujua: "Hili limesajiliwa zamani." Chunga neno hilo, limesajiliwa. Usiseme limetengenezwa. Coaster nyingi zilitembea Japan miaka mingi kabla ya kuja kwetu, na nyingine bado zina maandishi ya Kijapani mlangoni. Ukishikilia usajili, hakuna atakayekukamata.

Kwa wazee kuna njia fupi zaidi. Sema "KAMATA" halafu unyamaze. Ile Kampuni ya Mabasi ya Taifa iliwabeba wakiwa vijana, na mzee yeyote aliyesafiri enzi hizo atakueleza mengine yote mwenyewe: alipanda wapi, alisimama mpaka wapi, nani alikuwa dereva. Wewe tikisa kichwa. Mwisho wa mazungumzo atawaambia wenzake kwamba kijana huyu anayajua mabasi. Na kwa kweli utakuwa umeanza kuyajua, maana alichokuambia hakijaandikwa popote.

Kwa mabasi mapya, ngoja mchana. Makubwa yanayotoka Dar es Salaam alfajiri kwenda Moshi na Arusha yanapita Same baada ya saa sita, na kufikia hapo abiria wa Korogwe, Mombo na Hedaru wameshashuka. Siti zimeachwa wazi, konda hataki zifike Arusha hivyo. Mpe nauli ya Mwanga, dai tiketi yako, keti penye kiyoyozi. Zhongtong, Higer au Yutong, usichague sana, chukua lililosimama. Mabasi yamewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inayafuatilia kwa kifaa kilichofungwa ndani ya gari, kwa hiyo usitegemee mbio. Tegemea utulivu. Baada ya asubuhi ya springi za vyuma, utaelewa kwa mgongo wako kitu ambacho wauzaji wa mabasi hushindwa kukieleza. Shuka Mwanga, vuka barabara, rudi Same na Hiace iliyojaa, magoti kidevuni. Yote hayo ndiyo mabasi yetu na yote yanastahili safari yako.

Njaa ikikushika, kula makande pale pale Same. Uko Upare, usiagize chipsi.

Limebaki suala la picha. Ukilielekezea basi simu, watu watauliza wewe ni nani na umetumwa na nani. Usilipige basi. Mpige konda. Mwambie, "Braza, simama hapo mlangoni, umependeza." Atasimama, atakunja mikono, atainua kidevu, na nyuma yake basi zima litaingia kwenye picha, kuanzia taa mpaka jina lililoandikwa juu ya kioo.

Dereva naye ana mlango wake. Anza na shikamoo kama kakuzidi umri. Usimsifu yeye, dereva wa mlimani anajua anavyojiweza. Lisifu gari: "Mzee, gari hii bado inavuta." Atakuonyesha palipobadilishwa, atakuambia lilikotoka, nani alilinunua kwanza, na ni kona ipi ilimfundisha adabu. Msikilize mpaka mwisho hata kama boksi lako "linasubiriwa".

Kisha ukirudi mjini, safisha ile picha kwenye karatasi, kubwa kidogo, umletee siku nyingine. Ataibandika mbele ya usukani. Kuanzia hapo ile siti ya kushoto mbele utawekewa, na boksi unaweza kuliacha nyumbani.