Kijiti cha Oili na Bunge la Kando ya Njia

Ukitaka kujua Goma ina mafundi wangapi, simamisha gari kando ya njia pale Majengo au Katindo, ufungue kapo. Usiite mtu. Ungali unaitafuta ile fimbo ya kulizuia kapo lisikuangukie kichwani, watakuwa wamefika motari wawili, kijana aliyeegesha chukudu yake yenye magunia ya makala, muuza yunite za simu, na mzee mmoja aliyeendesha lori enzi za Mobutu. Wote wana maoni, na hakuna anayeuliza tatizo ni nini.

Mimi nilitaka kupima oili tu. Kazi yenyewe ni ndogo. Gari likae mahali tambarare, injini ipate moto kisha izimwe, usubiri dakika tano hadi kumi oili iteremke yote kwenye karteri. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena ndipo usome. Oili ikiwa kati ya alama mbili, funga kapo uende zako.

Ila aliyetoa agizo la mahali tambarare hajawahi kupanga nyumba chini ya Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 mlima huo ulishusha lava hadi katikati ya mji, ikafunika kipande cha njia ya ndege, ikaingia ziwani. Ilipopoa tukajenga juu yake. Basi gari la hapa ama limeinamisha pua, ama limekalia mkia, ama gurudumu moja limepanda jiwe. Likielekea huku, kijiti kinaapa oili imejaa. Ligeuze, kijiti kile kile kinaapa imekwisha.

Mzee wa lori alinipokonya kijiti mkononi. Alikichomoa mara moja, hakukifuta, akatangaza, “Papa, imejaa mpaka juu!” Ni kweli kilikuwa kimelowa mpaka juu, kwa sababu injini inapozunguka inakirushia oili kila upande; ndiyo maana kinafutwa kwanza. Kijana wa chukudu alikubali kukifuta, kwa pindo la shati lenye vumbi jeusi la lava, lile linalokwangua hata meno. Motari mmoja akasugua tone kati ya vidole, akalinusa, akatoa hukumu: “Nyeusi. Hii oili imekufa.” Nilimweleza kwamba oili ya injini ya mazutu hugeuka nyeusi muda mfupi tu baada ya vidanji, na hiyo si dalili ya kifo. Ya kuogopwa ni ile inayogeuka nyeupe-nyeupe, maana hapo huenda maji ya rejeta yameingia mahali yasipoalikwa. Alinitazama kwa huruma, akamgeukia muuza yunite, nao wakaendelea na kikao bila mimi.

Shemeji yangu hana shida na vikao kwa sababu hafungui kapo kabisa. Yeye husubiri gari liseme lenyewe. Lilisema tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlima kulipuka tena, gavana alipoagiza mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame. Shemeji alipakia mke, watoto na magodoro, akajiunga na foleni ya kwenda Sake, na humo ndimo ilimowaka taa nyekundu yenye umbo la birika. Akaamua gari lina kiu. Akaongeza maji kwenye rejeta. Birika likaendelea kuwaka, naye akaongeza tena, hadi maji ya watoto ya kunywa yakaisha. Taa ile haisubiri kiwango kipungue kidogo ndipo ikuonye kwa upole. Inasema msukumo wa oili umeanguka, na dawa yake ni kuzima injini hapo hapo. Lakini nani angezima, ardhi ikitetemeka na nyuma watu wanapiga honi? Injini ilifika Sake ikigonga. Familia ilirudi Goma, injini haikurudi.

Jirani yangu amejifunza kwa shemeji huyo. Sasa anapima kila asubuhi. Gari lake limetoka Japani, usukani uko kulia, kitabu ni cha Kijapani na gia ni otomatiki, kwa hiyo lina vijiti viwili. Kwa majuma kadhaa alisifu oili yake nyekundu safi, kumbe alikuwa akipima ya gia. Alipoonyeshwa kijiti cha injini akakuta kiko chini ya alama ya chini. Akanunua galoni ya lita tano, na badala ya kufungua mfuniko wa kumiminia, akaweka faneli kwenye tundu la kijiti. Tundu lile ni jembamba, akamimina tone kwa tone tangu adhuhuri, na hakutaka kitu kibaki. Kwenye magari mengi, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja tu. Ikizidi sana, mtaimbo wa injini unaipigapiga hadi inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Tulilipa fundi aje kuipunguza.

Kwa hiyo, msomaji, ukipita mtaani kwetu ukamwona mtu ameinamia tundu la kijiti na faneli mkononi, mpokonye kwanza. Salamu mtapeana baadaye.