Sifa za Jirani Asiye na Mshumaa

Erasmus wa Rotterdam aliusifu upumbavu kwa kitabu kizima mwaka 1511. Karne nyingi kabla yake, Lucian wa Samosata alikwisha kumsifu nzi. Hapa Dodoma nzi tunao na upumbavu haujatuishia, lakini vyote viwili vimeshapata wa kuvisemea. Aliyebaki bila msifu ni jirani ambaye umeme ukikatika hana mshumaa, hana tochi, hana maji ndani, na simu yake ina asilimia tatu. Yuko Nkuhungu, yuko Chang'ombe, yuko Ipagala, na inasemekana hata Area D yupo, ila kule anapigia hodi kwenye geti.

Kwanza tumsifu kwa imani. Giza likiingia ghafla saa moja jioni, sisi wengine tunaanza kupapasa ukuta, tunagonga vidole kwenye stuli, tunaitana majina. Yeye hatikisiki. "Wanarudisha sasa hivi," anasema, kwa sauti ya mtu aliyetoka kuongea na watu wa umeme. Alisema hivyo kwenye mgao wa umeme wa 2006, akasema tena 2011, na ule wa 2023 ulimkuta msimamo ni uleule. Tangu Februari 2024 ameongezewa na ushahidi, maana bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwezi huo. "Mshumaa wa nini tena, kaka? Bwawa si limejaa?" Na nusu ya hoja yake ni ya kweli, kwani zile ratiba za mgao tulizokuwa tunabandika jikoni zimekwisha. Nusu ya pili ni kwamba umeme wa Rufiji hauji na basi. Unapita kwenye nyaya, unapozwa kwenye kituo cha Zuzu, unafika kwenye transfoma ya mtaa, halafu unategemea nguzo moja ya mti pale kona, na upepo wa Dodoma unaotangulia mvua za kwanza hauna habari na megawati za mtu.

Pili, kumbukumbu. Mtu huyu hakumbuki kununua umeme wa LUKU, lakini orodha ya mali yako anayo kichwani. Anajua una taa mbili za sola na kwamba ile ndogo inakaa juu ya kabati. Anajua mtungi wako wa gesi ulijazwa lini. Anajua, kuliko mimi mwenyewe, kiasi cha maji kilichobaki kwenye simtanki, na hiyo si elimu ndogo mjini hapa. Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa yanavutwa kutoka visima vya Mzakwe kwa pampu za umeme, kwa hiyo umeme ukikaa sana bila kurudi, bomba nalo linaanza kukohoa. Sisi tunagundua asubuhi wakati wa kupiga mswaki. Yeye ameshafika usiku na ndoo, na nyuma yake mtoto ana ndoo ya pili, "hii ndogo tu, shemeji, ya chooni".

Na uombaji wake una adabu ambayo vijana wa leo wangeenda kuisomea pale UDOM. Haji na shida mkononi. Anapiga hodi, anakaribishwa, anaulizia watoto, anaulizia mama kijijini Mpwapwa kama mtama umeota. Taa yako ya sola inamulika uso wake mpole. Halafu, mtaa mzima ukiwa giza tupu kuanzia dukani hadi msikitini, anauliza: "Eti na kwenu umekatika?" Nimelitafakari sana swali hilo. Nadhani ni heshima. Anakupa nafasi ya kumkaribisha kwenye soketi ya betri yako bila yeye kutamka neno chaji.

Kuna usiku mwingine anakuja na swali hilohilo, nawe taa zote zinawaka. Hapo ujue uniti zimemwishia. Hana kosa. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, na siku hizi ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Sasa mpangaji wa watu akinunua umeme wa elfu mbili tarehe mosi, anachobakiwa nacho kinatosha kumulika mbu. Mwenye nyumba anapaswa kumrudishia, na mwenye nyumba yuko Dar es Salaam.

Mtihani wa upendo ni friji. Friji isiyofunguliwa hutunza baridi kama saa nne, na friza iliyojaa inaweza kufika siku mbili. Mwenye maandalizi analijua hili, amefunga mlango na kuwaonya watoto. Jirani anakuja na kilo mbili za nyama ya mbuzi ndani ya mfuko, anaomba pa kuzihifadhi, nawe unafungua. Baada ya nusu saa anarudi kuzikagua. Kabla ya kulala anakuja kuziaga. Hakuna mwalimu wa fizikia aliyewahi kunionyesha jinsi baridi inavyotoka kwa uwazi kama huo.

Lakini sifa yake kubwa hawaijui wanaomlaumu. Kwa kuwa ndani kwake hakukaliki, anakaa nje. Sisi wenye taa na vijenereta tumejifungia, mngurumo umetuziba masikio, hata nguzo ikianguka hatusikii. Yeye ndiye anayejua kwamba ni fezi moja tu imeondoka, kwamba waya umegusa bati la fundi cherehani na watoto wasipite pale, na kwamba gari la mafundi limeonekana likielekea Kizota. Ndiye anayepiga simu ya dharura kutoa taarifa. Anaipiga kwa simu yangu, lakini anapiga. Na umeme ukirudi, ule ukelele wa "Umerudiii!" unaanzia kwake. Mwenye jenereta hupata habari hiyo baada ya lita nzima ya petroli kuteketea bure.

Tena tusijifanye maandalizi ni kinga ya kila kitu. Ugogo, yaani eneo letu hili la Dodoma, ni nchi ya msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, tangu Desemba hivi hadi Aprili, na watu wake walijua kukausha mboga na kuweka nafaka kabla mimi na wewe hatujajua betri. Hata hivyo ikaja Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, halafu mvua nayo ikakataa. Waliokuwa na ghala wakatoka kuhemea kwa watu kama wasiokuwa nalo. Nikilikumbuka hilo, mkono wangu hupungua uzito kwenye bomba la simtanki.

Na kama unadhani kukosa mshumaa ni tabia ya wapangaji wa chumba na sebule, rudi 2006. Mvua zilikuwa zimegoma na bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, likashuka. Likijaa linafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuzalishia umeme ni mita 690. Hasara haikuwa ya megawati 80 za Mtera peke yake, kwani maji yale ndiyo yanayoshuka kuzungusha mitambo ya Kidatu. Taifa zima likajikuta kwenye mlango wa watu usiku, likiuliza nani ana jenereta. Kampuni ya Richmond ikapewa kazi ya kuleta mitambo ya dharura ya megawati 100, na mitambo haikufika kwa wakati. Bunge likaunda kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu ndani ya ukumbi wa Bunge, hapa hapa Dodoma. Baraza la mawaziri likavunjika. Jirani yangu hajawahi kuvunja baraza lolote. Ameomba ndoo mbili, moja ndogo.

Basi wenzangu wenye taa za sola, mkisikia hodi, fungueni. Na wewe jirani, najua unasoma haya kwa chaji ya kwangu. Njoo wakati wowote, ila njoo na waya wako mwenyewe, na nyama iache ilale.